Akiumia Humkimbilia Nani

Juma lililopita tulimzika Deo, kaka wa mke wangu, hapa Likasi, na siku ya pili ya kilio mpwa wake mmoja alisimama kusimulia maisha ya marehemu. Alipofika kwenye mwaka ule ambao watu walimzushia Deo kwamba amemroga binti yangu, akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma sheria, kwamba mimi, Prof, nilisimama mbele ya ukoo wangu mwenyewe nikiwa na barua ya daktari mkononi, nikamtetea shemeji yangu mpaka waliomsingizia wakaondoka kwa aibu. Wazee wakaitikia. Mama mmoja nisiyemjua akanishika kwa mikono yake miwili na kunishukuru. Nikaipokea shukrani yake. Nimefundisha kemia maisha yangu yote ya kazi, na nimewapa sifuri wanafunzi wengi kwa kuandika walichokisikia kwa jirani badala ya walichokiona ndani ya chupa; sasa mimi mwenyewe nimegeuka habari ya kusikia, na habari yenyewe si kweli. Walioushuhudia mwaka ule toka mwanzo hadi mwisho tumebaki watatu: mimi, mke wangu Monika, ambaye hapendi kuandika, na binti yetu Odile, ambaye hajawahi kutamka lolote kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo kazi ni yangu.

Tulikaa mtaa wa Kikula, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule, yenye baraza ya saruji iliyotazama njia. Ulikuwa mmoja wa ile miaka ya tisini ambayo mshahara wa mwalimu uligeuka hadithi na wazazi wa wanafunzi ndio waliotulisha. Kituo cha treni kilijaa familia za Wakasai waliofukuzwa mkoani, zilizokaa juu ya magodoro yao zikingoja mabehewa ya kwenda Kasai, na wawili kati ya wanafunzi wangu bora walikuwa miongoni mwao. Moshi wa viwandani ulipungua mpaka shuka nyeupe zikakauka nyeupe kambani, jambo ambalo Monika alilifurahia kwa wiki moja, kisha akaelewa maana yake, akaacha kufurahia. Deo alikuwa fundi cherehani. Aliposhindwa kuendelea na chumba alichopanga, alihamia chumba chetu cha nyuma, akaiweka cherehani yake barazani, na toka asubuhi hadi jioni alishona kile ambacho mji mzima ulikuwa ukishonesha mwaka ule. Hakuna aliyeleta kitambaa kipya. Watu walileta mashati ageuze kola, ili upande uliochakaa uende ndani. Walileta ovaroli za waume waliobaki bila kazi, naye akatoa humo kaptula mbili za shule na mfuko mmoja. Kola zangu zote alizigeuza yeye. Nilikwenda kufundisha nikiwa nimevaa kazi ya mikono yake shingoni, na hilo nalo lilinikera.

Odile alikuwa na miaka saba. Maneno yake yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, hakumtazama mtu usoni, kengele ya kanisa ilimfanya azibe masikio na kulia mpaka atapike, na hakukubali kushikwa. Lakini kila asubuhi Deo alipokaa kwenye cherehani, Odile aliingia chini ya meza yake, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa chuma, akakaa humo kwa saa nyingi huku mtetemo ukimpita mwilini, macho yake nusu yamefumbwa. Akijikwaa uani na kuchubuka goti, alikimbilia humo. Mimi nilikuwa sebuleni nikisahihisha madaftari, dirisha likiwa wazi, na kila lililosemwa barazani lilinifikia.

"Fundi, huyu ni mutoto yako?" mteja mmoja aliuliza.

"Ya dada yangu."

"Lakini anakupenda weye, kabisa!"

"Hapana minye, mama. Anapenda mashini. Minye niko tu moteri yake."

Wakacheka. Kisha yule mama akashusha sauti, ingawa si vya kutosha. "Na baba yake?"

"Prof? Prof iko mule ndani. Anasahihisha dunia."

Wakacheka tena, na Odile, ambaye hakuwahi kucheka kwa lolote nililosema mimi, akatoa sauti ndogo ya furaha chini ya meza, kwa sababu Deo alipocheka mguu wake ulikanyaga haraka zaidi na chuma kikatetemeka. Nilifanya kile ambacho mtu wa sayansi hufanya anapodhani ameonewa: nilitafuta ushahidi. Nilichukua daftari jipya, nikachora safu tatu, Monika, Deo na mimi, na kwa wiki mbili niliweka alama kila mara Odile alipomtazama mmoja wetu, alipomgusa au alipomjia. Safu ya Deo ilijaa ikahitaji ukurasa wa pili. Ya Monika ilikwenda vizuri. Yangu ilikuwa na alama moja, na hiyo yenyewe, nikiwa mkweli, niliipata kwa kuwa nilisimama kwenye mlango ambao yeye alitaka kupita. Mezani mambo yalikuwa yaleyale. Tulikula bukari, yaani ugali, na sombe la majani ya muhogo, na dagaa wa kapenta wachache siku zilipokuwa njema. Deo alikata kipande cha bukari, akakibonyeza kwa kidole gumba kikawa bapa, akakiweka ukingoni mwa sahani yake kipoe, na mkono wa Odile ukatoka ukakichukua. Nilifanya vilevile, kipande cha unene uleule, ukingo uleule wa sahani. Changu kilipoa, kikakauka, kikapasuka. Mimi nilikuwa na shahada, yeye aliishia darasa la sita. Kuna mchana mmoja, na hili nalikiri kwa mara ya kwanza, nilisimama peke yangu mbele ya cherehani ile nikitamani ukanda wake ukatike.

Hapa lazima nieleze desturi, la sivyo msomaji hataelewa kosa langu. Monika ni Msanga, na katika ukoo wao mtoto ni wa upande wa mama. Kaka wa mama, ambaye sisi hapa tunamwita noko, ndiye mwenye neno juu ya mtoto, na habari yoyote nzito inayomhusu mtoto hupelekwa kwake kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Anayeipeleka ni baba, kwa kinywa chake, akiwa ameketi chini, na amechukua kuku na unga. Mama hawezi kuipeleka badala yake; ikitoka kwa mama inahesabiwa kuwa haijasemwa. Sisi wa kaskazini tunahesabu ukoo kwa baba, na desturi ile niliiona daima kama sheria ya nchi nyingine. Padri mmoja aliponiambia kwamba yuko daktari wa watoto huko Lubumbashi, mwanamke mgeni, sikumwamini padri. Nilimwandikia daktari mwenyewe, na nilipopata jibu kwa mwandiko wake ndipo nilipoamini. Monika alilisoma jibu lile polepole, akalikunja.

"Baba Odile, munganga akisha kusema, noko njo wa kwanza. Utaenda, utakaa chini, utamuambia."

"Anakaa hapa barazani, Monika. Nitakwenda wapi?"

"Hata kama anakaa hapa. Utamuendea."

Nilisafiri na Odile peke yetu, kwa kuwa mbele kwa dereva wa lori palikuwa na nafasi ya mtu mmoja na mtoto wa kupakatwa. Njia ilikuwa mbaya na injini ilinguruma chini ya miguu yetu, na kwa mara ya kwanza toka alipoacha kunyonya, binti yangu alikaa mapajani pangu akaegemea kifua changu bila kujinyofoa. Nilijizuia kupumua kwa nguvu nisimtoe katika utulivu ule. Dereva alisema, "Mutoto ya baba kabisa, huyu!" nami nikaitikia kwa fahari. Tuliposimama njiani na injini ikazimwa, Odile aliinuka mara moja, akasogea mpaka mlangoni, akaweka shavu kwenye bati. Nilimwelewa, na sikutaka kuelewa.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye mvi na mikono mikubwa. Alikaa sakafuni na Odile muda mrefu, akampa vitu, akamnyang'anya, akaita jina lake kutoka nyuma, akaandika. Kisha akaniuliza maswali, na nilimjibu vizuri, kwa tarehe na kwa mpangilio, mpaka nikaona ananiheshimu. Aliuliza, "Akiumia, humkimbilia nani?" Nilikuwa na daftari la safu tatu ndani ya mkoba wangu. Nikasema, "Mimi." Akanitazama kwa upole, akasema nina bahati, kwamba akina baba wengi waliokaa kwenye kiti kile hawangeweza kujibu hivyo, akaandika. Kisha akanieleza. Leo Kiswahili cha vitabu kina neno usonji. Mwaka ule sikuwa nalo, nilikuwa na neno la Kifaransa tu, autisme, nililokuwa nimekutana nalo mara moja katika kamusi. Alisema Odile alizaliwa hivyo. Hakuna aliyemfanyia, hakuna alichokula, hakuna dawa ya kumgeuza. Anahitaji saa zilezile, mahali palepale, maneno machache, na watu walewale. Aliyaandika hayo yote katika barua ya ukurasa mmoja, akaipiga muhuri. Mstari wa nne ulisema hivi: mtoto akiumia humkimbilia baba yake, mtu huyu asiondolewe karibu naye.

Mimi ninayechukia uvumi nilikuwa nimeutia uongo katika karatasi ya pekee yenye ukweli kuhusu mtoto wangu.

Nilimweleza Monika jioni tuliyorudi, jikoni, akichambua sombe. Mstari wa nne niliuruka. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Itaisha?"

"Haiishi."

"Inamuuma?"

"Hapana. Kelele ndiyo inamuuma, na kugeuzwageuzwa."

Aliokota majani yaliyoanguka, akayaweka kwenye sufuria. "Basi ni Odile tu," alisema. "Ni Odile, na sasa iko na jina." Kisha akanifuta kitu kwenye shavu, na mimi sikujua kwamba nilikuwa nimelia. "Muambie noko kesho asubuhi. Kuku iko pale."

Sikumwambia. Deo alijua Kifaransa cha kutosha kusoma mstari mmoja, na angeomba kuiona barua. Nilijua angeomba, kwa sababu hakuna kitambaa alichokubali kukikata kabla ya kukipima mwenyewe. Lakini hiyo ni nusu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba hii ilikuwa habari ya kwanza kuhusu Odile niliyoimiliki mimi kabla yake, na nilitaka kukaa nayo. Nilijiambia kwamba mimi ni baba, kwamba ukoo ni kwa baba, na Jumapili baada ya misa nikawaita watu wangu mwenyewe: dada yangu mkubwa, ambaye kwa heshima ya ukubwa tunamwita Yaya Vero, na binamu zetu wawili. Deo alikuwa barazani, ameketi kando ya cherehani iliyofunikwa, kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Alisalimia kila aliyepita. Nikaingia wa mwisho, nikafunga mlango nyuma yangu, na Monika, aliyekuwa ameshika sinia, akanitazama mimi, akautazama mlango, akaweka sinia mezani kwa kishindo. Kuku aliyepikwa alikuwa yule wa Deo.

Nilieleza vizuri, kama ninavyoeleza darasani. Yaya Vero, aliyekuwa na kundi lake la sala na akifahamika kwa kufunga siku nyingi, alinisikiliza akinyonya mfupa.

"Munganga amesema nani ameleta?"

"Hakuna aliyeleta, Yaya. Amezaliwa hivyo."

"Bazungu banasemaka vile. Kila kintu iko na mwenye kuleta." Akauweka mfupa. "Mutoto anashindaka wapi siku yote?"

"Barazani. Chini ya cherehani."

"Ya nani?"

Nakumbuka kwamba mbuzi alilia njiani, na kwamba nilikuwa na muda wa kutosha. Nilijua dada yangu anapeleka wapi maneno yale. Katika mji huu, kifo kikitokea au mtoto akinyamaza, jicho la kwanza huenda kwa noko, kwa sababu ndiye mwenye mtoto. Ningeweza kurudia maneno ya daktari. "Ya Deo," nilisema. Na ndani ya kifua changu, ambacho kilikuwa kimebana kwa miezi, kitu kikalegea.

Hazikupita wiki mbili. Walisema Deo amemshona mtoto kinywa. Ndivyo walivyosema, amemushona kinywa, kwa mashini yake, na ndiyo maana mtoto haondoki pale, anangojea kinywa chake. Nilisikia hayo katika chumba cha walimu kutoka kwa mtu mwenye shahada kama yangu, nikaendelea kusahihisha. Wateja walipungua. Mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake cha msiba ambacho hakijamalizika, akasema atamalizia kwa mkono nyumbani, akakipokea kwa ncha za vidole. Deo akamkunjia vizuri, akampa na uzi uliobaki. Asubuhi iliyofuata aliingia sebuleni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akasimama karibu na meza yangu.

"Shemeki, weye ulienda kwa munganga. Alisema nini?"

"Mambo ya ubongo, Deo. Bado wanatafuta."

"Bado?"

"Bado."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Sawa. Kama ni minye niko nafanya mutoto mubaya, naenda. Kama hapana minye, utaniambia." Akangoja. Nilifungua daftari la mwanafunzi. Asubuhi ile alifungua cherehani vipande viwili, kichwa akakifunga kwenye blanketi, miguu ya chuma akaifunga juu ya baiskeli, akaenda Kamatanda kwenye machimbo, ambako binamu yake alikuwa na kibanda. Odile alikuwa nyuma ya nyumba. Hakumuaga, kwa maana hakujua angemuaga namna gani.

Sasa baraza ilikuwa yangu. Nilitoa kiti changu na meza yangu, nikaviweka palepale, nikasahihishia hapo. Odile alikuja, akatazama miguu ya meza ya mbao, akaigusa, akalala chini kwenye saruji mahali ambapo miguu ya chuma ilikuwa imeacha madoa manne meupe. Alilala hapo siku nzima. Hakula. Nilimbonyezea kipande cha bukari kwa kidole gumba, nikakiweka karibu na mkono wake, na sisimizi wakakipata. Siku ya pili alikunywa maji kidogo kwa Monika. Siku ya tatu alijigonga kichwa sakafuni, taratibu, kwa mwendo ambao nilichelewa kuutambua: ulikuwa mwendo wa mguu wa Deo. Siku ya nne, Jumatano, Yaya Vero alipita akamwona, akasema pepo anapigana kwa sababu mwenye kumtuma amefukuzwa, na kwamba Ijumaa atakuja na wanawake wa sala kumchukua kwa siku tatu za maombi ya kufunga, bila chakula na bila maji, mpaka pepo atoke. Alisema kwa upendo. Dada yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na habari nusu, na nusu hiyo nilimpa mimi.

Alipoondoka, Monika alisimama mlangoni. "Weye unapendaka ushahidi," alisema, na hakupaza sauti. "Njo hii, inalala. Angaria." Mtoto ambaye hakuwa amekula siku nne asingemaliza siku tatu bila maji. Hesabu hiyo haikuhitaji shahada.

Nilichukua kuku mwingine, nikamfunga kwenye usukani wa baiskeli, nikachukua unga, nikaenda Kamatanda. Nilimkuta Deo chini ya turubai, akishona magunia ya wachimbaji kwa uzi mnene, sindano kubwa ikilia. Aliponiona na kuku alielewa mara moja, akazima mguu, akanyoosha kipande cha gunia chini. Nikaketi. Sikuwa nimeketi chini mbele ya mtu toka nilipokuwa mwanafunzi, na magoti yangu hayakujua la kufanya. Nikampa kuku na unga. Nikamwambia jina la kile alichonacho Odile, kwamba amezaliwa hivyo, kwamba hakuna aliyemfanyia, kwamba daktari alinieleza hayo siku ya kwanza na mimi nikakaa nayo. Kisha nikasoma barua yote, mstari kwa mstari, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na wa nne sikuuruka.

Wachimbaji wawili walikuja kutaka magunia. Deo akawaambia wangoje kule.

"Hii ya baba, munganga aliiona?"

"Hapana. Nilimwambia mimi."

"Ju ya nini, Prof?"

"Nilikuonea wivu."

"Minye?" Alitazama turubai, magunia, miguu yake ilivyojaa vumbi, na nilidhani atanipiga, na akacheka, lakini si sana. "Ungeniomba, shemeki. Ningekufundisha mashini."

Nilimwambia kwamba nitaandika upya kwa daktari, kwamba Ijumaa nitasema mbele ya wote ni yeye ambaye mtoto humkimbilia, na barua itasahihishwa. Aliinua mkono. "Apana. Ngoja kwanza. Mama Vero atasikia noko? Hatasikia noko. Ukisoma pale jina yangu, banachukua mutoto mara moja, banasema njo ule. Ukisoma baba, hakuna mutu anaondoa mutoto kwa baba yake. Acha vile iko."

"Na jina lako?"

"Jina itarudi yenyewe, pole pole. Mutoto hatangoja." Akauchomoa uzi kwenye sindano. "Lakini Mama Vero iko na macho. Atataka kuona. Kuya hapa, ukae."

Na hapo, chini ya turubai, mbele ya wachimbaji wawili waliokuwa wakitazama kwa mshangao, shemeji yangu alinifundisha kukanyaga cherehani bila uzi na bila kitambaa. Kisigino kwanza, kisha vidole. Usisukume, sindikiza. "Unakanyaga sawa mutu anaua mende," alisema. "Pole. Anasikiaka." Nilitoka jasho kama mtahiniwa.

Alhamisi tulirudisha mashini kwa baiskeli mbili. Tulipoiunganisha barazani juu ya madoa manne, Odile aliinua kichwa. Deo akakaa akakanyaga, naye akatambaa mpaka kwenye mguu wa chuma. Kabla ya jua kuzama alikuwa amekula vipande sita bapa vya bukari, na Monika, kwa kuwa hakutaka tumwone, alikwenda kulilia nyuma ya nyumba.

Ijumaa asubuhi, wanawake wa sala walipoonekana mwanzo wa njia, vitambaa vyao vyeupe kichwani, Deo aliinuka, mimi nikakaa, na yeye akaingia chumba cha nyuma akafunga mlango. Kwa pumzi mbili hivi chuma kilinyamaza. Odile alianza kuinua uso. Kisigino, vidole. Sindikiza. Uso ukashuka, mgongo ukarudi kwenye chuma, na kwa mara ya kwanza nilihisi uzito wa binti yangu ukinifikia mguuni kupitia kitu ambacho hakikuwa changu.

"Weye njo unashona sasa?" Yaya Vero aliuliza kutoka chini ya ngazi.

"Ninamtuliza mtoto wangu, Yaya. Keti nikusomee." Sikuacha kukanyaga. Nikasoma barua yote. Niliposoma mstari wa nne, wanawake walimtazama Odile miguuni pangu, wakanitazama mimi, na barua na macho yao vikakubaliana. Nilisubiri Yaya Vero aulize habari ya Deo, na nilikuwa na maneno tayari, nathubutu kuapa kwamba nilikuwa nayo. Hakuuliza.

"Kumbe ni baba," alisema. "Basi, nani ataondoa mutoto kwa baba?" Wakasali pale pale, kwa sauti ya chini kwa sababu niliwaomba, wakaenda. Hilo ndilo lote. Sikumtetea Deo, jina lake halikutamkwa barazani siku ile. Lilirudi kama alivyosema, polepole, mteja mmoja mmoja, kola moja moja, na ilichukua miaka. Yaya Vero alifariki akiamini mstari wa nne, na wala sikumwandikia daktari tena.

Walipokwisha kupinda kona, Deo alitoka chumba cha nyuma akiwa na magunia mawili ya kumalizia. Nikaondoa mguu, akakaa, akaweka wake. Odile hakuinua uso kuona ni nani. Alinyoosha mkono tu, akaulaza juu ya kiatu cha mjomba wake, akauacha hapo. Nilisimama kando yao na barua mkononi, mwanangu akiwa hai na ameshiba, na nikamwonea Deo wivu. Juma lililopita, nilipomtupia udongo, nilimwonea tena.